Majina ya Mashimo

Kuteremka Mwanga kwenda stesheni
huhitaji gia, unahitaji kumbukumbu.
Sisi wa kijiwe cha Katubuka tuna ramani
ambayo manispaa hawajawahi kuichora:
kila shimo lina jina.

Mama Mkwe, hilo halikwepeki,
unapunguza mwendo, unainamisha kichwa, unapita kwa adabu.
Beseni, ambamo masika bata huoga.
Ahadi, lililochimbika mwaka wa uchaguzi
na kila uchaguzi linapanuka.

Lakini shimo hukaa mahali pake.
Ukilijua, mnaheshimiana.
Wa kuogopwa ni yule wa Probox,
simu begani, shavu limelala juu yake,
anakata kulia na taa yake inasema kushoto;
na ile gari nyeupe yenye antena kama ufito wa kuvulia
inayofungua mlango barabarani bila hodi;
na Fuso la dagaa kutoka Kibirizi
ambalo honi yake hufika baada yake.
Wanatuita nzi. Wanasema tunatokea popote.
Kweli, tunatokea popote:
tunatokea pale mlipotubakishia.

Siku ile ilinyesha tangu alfajiri.
Mvua ya kwetu huvuka ziwa kutoka Kongo
wala haionyeshi pasi kwa mtu.
Ikayajaza mashimo yote, yakawa kimo kimoja:
Mama Mkwe, Beseni, Ahadi,
na lile dogo mbele ya duka la Sefu Kitumba
ambalo halikuwa hata na jina.
Butoyi aliyajua yote kwa moyo.
Ila Fuso lilitaka njia nzima,
likamwachia upande wa maji.

Kofia ngumu haikupata mkwaruzo.
Ilikuwa kiwikoni, ikining'inia kama kikapu;
alikuwa amemvisha abiria,
na abiria ameshuka dakika ile.

Mimi ni Bukuru. Nilimtangulia kuzaliwa kwa robo saa,
na mama hakuchoka kunikumbusha:
wewe ndiye wa mbele, mwonyeshe mwenzio njia.

Basi kila Jumapili, watu hawajaamka,
nilichukua matofali yaliyoungua vibaya kwenye tanuri la Mlole,
nikayavunja, nikayashindilia shimoni
kwa mchi wa mama, yeye akijua na akinyamaza.
Magari yalinipigia honi nitoke.
Mvua ya Jumatano ilikula kila kitu.
Jumapili nilirudi.

Yule dereva nilikutana naye Kibirizi.
Alikuwa anakula muhogo, mguu juu ya tairi.
Akaniona. Muhogo ukabaki mdomoni.
Mimi na Butoyi tulikuwa sura moja,
hata kovu la nyusi tulipata siku moja, jiwe moja.
Sikumsemesha.
Nilizima pikipiki, nikamwacha atazame
mpaka alipochoka yeye.

Mwezi wa nane likaja tangazo la mgeni mkubwa.
Lami ikamwagwa usiku, taa za jenereta zikiwaka,
na asubuhi barabara ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria,
haina jina hata moja.
Vijana wa kijiweni walishangilia, wakashindana kuteremka.
Mimi pia niliteremka. Sina haja ya kudanganya,
ilikuwa raha.

Jana nimempakia mama mmoja na dumu la mawese,
kutoka stesheni kwenda Gungu.
Tulipofika mbele ya duka la Sefu
mkono wangu ukageuza usukani wenyewe,
dumu likayumba, mama akanishika mbavu.
"We kijana! Unakwepa nini? Hapana kitu hapo."
Nikamwambia,
"Pana mtu."

Alinyamaza kilima chote.
Gungu akashuka, akafuta mafuta vidoleni,
akasema tulipatana elfu moja mia tano, siyo elfu mbili.
Ni kweli, tulipatana hivyo.
Nikamrudishia chenji.